Kanga Juu ya Boneti Nyeusi

Anayeharibu rangi ya gari si adui wa mwenye gari. Katika miaka yote niliyoshika mashine ya polishi, Nachingwea kisha Ruangwa, mikwaruzo mingi niliyoiondoa iliwekwa na watu wenye furaha, tena wakiwa wanaimba. Leo asubuhi nimeliachia gari moja liende moja kwa moja kwa watu wa namna hiyo, na mpaka naandika haya moyo haujatulia.

Lakini nianzie nilikoanzia. Siku yangu ya kwanza kazini, nikitokea Kiegei na viatu vya kuazima, Fundi Mkuu wa gereji pale Nachingwea hakunipa spana wala jeki. Alisukuma gari jeusi kutoka kivulini hadi juani, akaniita.

"Unaona nini?"

"Gari safi, Fundi. Linang'aa."

"Linang'aa! Sogea hapa. Litazame jua lilivyokaa ndani ya boneti."

Nikainama. Kulizunguka lile jua dogo kulikuwa na nyuzi nyembamba, duara ndani ya duara. Nikasogea kushoto, nyuzi zikanifuata. Nikaenda kulia, nazo zikaja. Nikajikuta nacheka peke yangu.

"Huo tunauita utando," akasema. "Mwenye gari hauoni, kwa sababu gari lake hulitazama kivulini. Aliona vumbi, akachukua kitambaa kikavu, akapangusa. Vumbi letu lina mchanga, bwana mdogo. Alikuwa anapiga msasa, yeye akidhani anafuta."

Tangu siku hiyo sikupita karibu na gari bila kulitafuta jua ndani yake. Mke wangu aliwahi kuniuliza kama kwenye misiba nako naenda kwa ajili ya magari.

Fundi Mkuu alifundisha kwa kelele. Ukilisugua gari kwa nguvu, aliuliza, "Unaosha gari au sufuria ya ubwabwa?" Kwake, maji yalitangulia kila kitu: mwagia mpaka vumbi lishuke lenyewe. Ndipo ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga ulioutoa kwenye mlango usiupeleke kwenye boneti. Kisha kompaundi, dawa nzito kama uji yenye chengachenga laini za kusaga rangi, unayoitembeza kwa mashine bila kuiacha isimame mahali pamoja. Rangi za zamani zilitoka na kitambaa: ukipolishi gari jeusi, kitambaa kinakuwa cheusi. Magari ya siku hizi yana klia juu ya rangi, tabaka angavu lililo jembamba kuliko karatasi ya daftari. Utando unakaa humo. Kuuondoa ni kuipunguza klia mpaka ifike chini ya mkwaruzo. Kwa hiyo kila polishi inakula. Klia ikiisha, rangi inapauka kama chokaa, na hapo hakuna mashine itakayoirudisha.

Baadaye nilihamia Ruangwa, kwenye karakana iliyohudumia magari ya mradi mmoja. Msimamizi wa Karakana alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache ya kuchekesha. "Hapa bosi ni vumbi," alinikaribisha. "Mimi namsaidia tu." Magari yake yote yalikuwa meupe, na gari jeupe ni mnafiki, linaficha utando wake wote. Nilidhani nitaichoka kazi. Kumbe Jumamosi watu walileta magari yao binafsi, na hapo ndipo nilipoyajua vizuri magari ya harusi.

Katika koo nyingi za huku, gari la bibi harusi likifika kwa wakwe halifunguliwi mlango hapo hapo. Mashangazi wa bwana harusi hulizunguka wakipiga vigelegele, wanavua kanga mabegani, wanapangusa vumbi la njiani, boneti mpaka buti, ili bibi harusi asishuke na uchafu wa safari. Mimi mwenyewe nililia machozi ya furaha shangazi zangu walipolifanyia hivyo gari lililomleta mke wangu. Kanga kavu, vumbi la barabara nzima. Jumatatu gari linakuja kwangu.

Nilikwishastaafu Bi Somoe wa Mkotokuyana aliponifuata nyumbani wiki hii. Ni muuguzi mstaafu, na gari lake jeusi lilinunuliwa na marehemu mumewe. Mabinti zao wote walipanda humo kwenda kuolewa, na kila baada ya harusi nililipolishi mimi. Sasa ni zamu ya mjukuu, anaolewa Nambilanje.

Nilipitisha kidole kwenye boneti, nikalitazama jua. "Dada, klia hapa ni ya polishi moja tu. Baada ya hii, ni kupiga rangi upya."

"Rangi mpya ni gari jingine," akasema. "Hii aliichagua yeye. Fanya hiyo moja, kaka."

Nilifanya. Jamani, raha iliyoje! Utando ulikatika kipande kwa kipande, na nilipofuta kompaundi ya mwisho nikaona mawingu yanatembea ndani ya boneti, na uso wa Bi Somoe katikati yake. Alikaa akijitazama, akauweka sawa mtandio.

Nikapaka nta mara mbili, kisha nikamwomba awazuie mashangazi.

"Nimzuie nani? Shangazi wa Nambilanje? Anza kulizuia jua kwanza."

Tukampigia simu shangazi mkuu wa bwana harusi. Nikamweleza taratibu: kuna dumu la maji ya sabuni kwenye buti, walimwagie gari kwanza, vumbi lishuke, ndipo kanga.

"Maji?" Sauti yake ilijaa chumba. "Fundi, tunapokea mwali au tunapokea trekta? Hayo maji yakimrukia bibi harusi nani atajibu, wewe?"

"Shangazi, dakika chache tu."

"Haya, nimesikia," akasema, akakata.

Ustaafu umenipa muda wa kuwaza niliyoyafanya mbiombio. Zamani ningesema mashangazi wanaharibu. Sasa naona marehemu asingelitunza gari lile miaka yote kama hakungekuwa na mtu wa kulisubiri mlangoni na kanga mkononi. Hata hivyo, naipenda ile boneti.

Msafara umetoka na honi zake, barabara ni kavu. Dumu lipo kwenye buti. Shangazi alisema amesikia. Hakusema atafanya.