Mkia wa Herufi

Obura alikuwa mchora mabango pale Mengo, Mluo wa Kisumu aliyekuja Kampala vita vilipotulia, akakuta maduka yanafunguliwa bila majina. Akayapa majina. Ukipita mjini ukaona g au y yenye mkia mrefu, umejikunja kama wa kenge anayeota jua, ulijua mkono ni wa nani. Mwenyewe hakuuona mkia huo. Ulimtoka tu, kama kikohozi.

Mwaka mmoja, soko la hisa likiwa bado changa, Adoch, mwanasheria wa kiwanda cha sabuni cha kule Nakawa, alifika kwa Obura. Alifunga mlango kwanza, ndipo akasema. Kiwanda kinanunuliwa na watu wa Nairobi, kitaitwa Nyange. Bango liwe tayari siku ya kutangaza, mtu asilione kabla.

"Na kuna sheria, mzee. Ukijua jambo la kampuni kabla ya watu, wewe ni mtu wa ndani. Usinunue hisa zake, usiuze, wala usimnong'oneze mtu."

"Mtu wa ndani? Binti yangu, mimi hata getini kwenu huulizwa naenda wapi."

"Hata hivyo. Sasa unajua."

Basi akachora, akimaliza analifunika kwa shuka. Harufu ya tapentaini ilikuwa ikimlewesha usingizi wa mchana, siku moja akaota ndege nyange weupe wanatembea polepole juu ya mapaa ya Mengo, hawana haraka, kila mmoja amebeba neno mdomoni na hasemi.

Akaamshwa na mvua, na Nabangala mlangoni, mdogo wa marehemu mke wake Celestine. Nabangala alipata kufunga sabuni kiwandani hapo, na hisa zilipouzwa kwa wafanyakazi akajinyima akanunua.

"Shemeji, nimechoka kuhamahama na kitanda ndani ya chumba kimoja. Paa limekuwa chujio. Kesho nauza zile hisa ninunue mabati. Au ningoje?"

Obura alijua bei itapanda bango likipanda. Neno "ngoja" lilikuwa limemjaa kinywani, dogo, jepesi. Akachukua brashi iliyokwisha kuwa safi, akaiosha.

"Umekuwa bubu? Dada alisema ukishika brashi, hata nyumba ikiungua utasema subiri ikauke."

"Hilo usiniulize mimi, shemeji."

Nabangala akauza. Akaezeka. Haukupita muda, tangazo likatoka, bei ikaruka, na bango likainuliwa Nakawa. Nabangala akitoka sokoni aliinua macho, akauona mkia wa kenge, mmoja kwenye y, mwingine kwenye g.

Alikuja Mengo jioni hiyo, akakalia debe la rangi.

"Siku ile nilipokuja, lile bango lilikuwa wapi?"

"Hapo nyuma yako. Chini ya shuka."

"Na wewe ulinunua ngapi?"

"Hata moja."

Nabangala akatazama viatu vya Obura, vidole nje, vina rangi za miaka yote. Akamwamini, ila moyo haukupoa upesi.

"Ungeniambia, wangekufunga?"

"Labda. Na wewe pia."

Mvua ikaanza.

"Kwangu sasa ni kelele tu," Nabangala akasema. "Hapavuji." Akasimama, akajifunga leso. "Lakini huo mkia ukate, shemeji. Mdomo wako unaficha, mkono unasema."

"Hata Celestine aliniambia nina mkia. Nikadhani ananitania."

Alipokwisha kwenda, Obura aliutazama mkono wake kama wa mgeni aliyekuja kulala.