Kapu la Baba yake Madame Ursule

Sipendi watu wenye jibu la kila kitu, ndiyo maana ninampenda Madame Ursule. Anafundisha mantiki darasa la sita la sekondari, hapa komine ya Tshopo, na hana huruma: ukisema "donc", yaani "kwa hiyo", bila sababu, anakukalisha.

Mwaka jana mto ulimchukua baba yake, mvuvi wa maporomoko. Kwenye matanga, pasta akasema Mungu alikuwa na kusudi lake. Arsène, mwalimu wetu wa hesabu, akamkatiza: ulimwengu hauna kusudi lolote. Akaanza kuthibitisha, hatua kwa hatua, mbele ya mjane, mama yake Madame! Nusura nimtupie kiti. Sote tukamgeukia Madame, atuamulie.

"Papa pasta, hilo kusudi hukuliona," akasema. "Na wewe, Arsène, kutoliona si kusema haliko. Bon, mantiki yangu inaishia hapo."

"Alors, tufanye nini?" akauliza Arsène.

Katika ukoo wao, kapu la marehemu la kuvulia samaki hutundikwa nyumbani mpaka matanga yaishe, kisha mtoto wake hulirudisha majini livue tena. Siku ya kumaliza matanga tulimsindikiza Madame mpaka maporomokoni. Alipanda juu ya jukwaa la miti ya kutegea samaki, kapu mgongoni, akasimama kitambo akiyatazama maji yale yaliyomuua baba yake. Nilidhani atarudi.

Akageuka, akamwita Arsène, akamnyooshea kamba ya kapu.

"Shika, tulishushe pamoja. Mama iko anangoja samaki."

Arsène akashika kwa mikono miwili.