Ijumaa haihamishwi

Jumanne, manyunyu tangu alfajiri hapa Muyeye.

Leo kompyuta imetaka kutupeleka kazini Ijumaa!

Kijana mmoja, mtaalamu wa kompyuta, alituletea sisi kamati ya madrasa muundo mpya wa faili za ratiba, eti utafaa ofisi zote, tuupitishe.

Nikamwomba apange ratiba yangu ya mitihani.

Kompyuta ikaweka mapumziko Jumamosi na Jumapili, na mtihani Ijumaa.

"Mwanangu, sisi twapumzika Alhamisi na Ijumaa," akasema Maalim wetu wa madrasa.

Kijana akatafuta pa kubadilisha. Hapana! Siku zimefungwa ndani ya muundo wenyewe.

Bi Zuhura, mwenzetu wa kamati, akadakia: "Basi swala ya Ijumaa tuihamishie Jumapili?"

Tulicheka, naye akacheka.

Hatukuupitisha. Ameahidi kupeleka sharti letu kwa waliouunda: kila ofisi ichague siku zake.

Kwenu mwapumzika lini?

Mimi nalala, saa tatu usiku.