Tarumbeta Yangu Kwenye Mazishi ya Papa Ilunga

Nilipoingia fanfari, bendi ya tarumbeta na ngoma ya shule yetu hapa Kalemie, nilikuwa tayari napiga tarumbeta vizuri kuliko wakubwa, maana nilijifunza kanisani tangu utotoni. Baada ya wiki mbili tu wakaniweka mstari wa mbele, pembeni kulia, mahali pa Furaha, dada wa mwaka wa mwisho.

Furaha hakununa. Aliniita kando akaniambia, "Tarumbeta unajua, lakini kutembea haujue bado. Ukuje kesho nikuonyeshe alama za fimbo ya kiongozi." Nikamjibu kwamba miguu yangu haihitaji mwalimu. Mpaka leo jibu lile linaniuma.

Kisha Papa Ilunga, mwalimu mzee aliyeanzisha fanfari, akafariki. Tukapewa kazi ya kutangulia jeneza lake hadi makaburini. Nilimpenda sana mzee yule, nikataka kumpigia vizuri kuliko siku zote. Nikafumba macho.

Kwenye njia panda kiongozi wetu alishusha fimbo upande wa kushoto, alama ya kukata kona kwenda makaburini. Sikuiona. Nilisikia ngoma zikififia, nikadhani wenzangu wamepunguza sauti ili tarumbeta isikike. Nikapuliza kwa nguvu zaidi, machozi yakinitoka, nikaenda moja kwa moja kuelekea bandarini.

Nilipofumbua macho, madereva wa pikipiki walikuwa wamezima injini, wamevua kofia na kuinamisha vichwa. Mmoja akachungulia nyuma yangu, kisha akaniuliza kwa upole:

"Pole, dada. Na maiti iko wapi?"