Kitovu cha Mwanangu wa Tatu

Centehua hakujua kukaa. Ukimkaribisha mkekani atakunywa uji wake amesimama mlangoni, jicho liko mferejini, asije akapitwa na mtumbwi wa mtu anayemtafuta. Alikuwa mkunga wa mtaa wetu wa Yacacolco, katika mji uliojengwa ziwani, mwembamba, mdomo mkali, uso una makovu ya ndui. Alitembea upesi hata waume waliotumwa kumwita walirudi nyuma yake wakihema. Mtoto wa kiume akitoka, mkunga hupiga kelele za vita, ndiyo desturi, lakini yeye alizipiga hadi batamzinga wa jirani wakaruka ukuta.

"Chekeni tu," alituambia. "Kuzaa ni vita, na mtoto ni mateka. Mwenzenu kateka mtu leo, mnataka ninong'one?"

Alinizalisha mara tatu, wote wavulana. Vitovu vya wale wawili wa kwanza alivikausha, akawapa askari wa mtaa, wakaenda kuvizika kwenye uwanja wa vita, mbali, kwa maadui. Cha msichana huzikwa nyumbani kando ya mafiga, asizurure. Cha mvulana hupelekwa vitani, na mwenyewe atakifuata. Wangu walivifuata. Mkubwa aliuawa na Wakastila, wale wageni wa farasi waliotoka ng'ambo ya bahari, uani mwa hekalu, siku ya sikukuu, akicheza ngoma, maua mkononi. Wa pili alikufa mwaka uliofuata juu ya tuta la ziwani, njia ya kutoka mjini kwenda bara, siku moja na baba yake, na sikuletewa hata nguo zao.

Siku kumi baada ya hapo nikajifungua wa tatu. Wakastila walikuwa wameshakata maji ya kunywa yaliyotoka mlimani, tukawa tunakunywa ya ziwa, ya chumvi. Centehua alikuja ameinama chini ya ukuta kukwepa mishale. Mtoto alipotoka akapiga kelele zake kama kawaida, na hakuna aliyemsikia, maana mtaa mzima ulikuwa unapiga kelele hizohizo.

Kitovu kilipokauka nikamshika mkono.

"Mama Centehua, hiki kizike hapa. Kwenye mafiga."

"Hapo huzikwa cha msichana. Unataka mwanao aolewe?"

"Nataka aishi."

"Watamcheka, Tlaco. Atakuwa mwanamume wa jikoni, si huku si kule."

"Wamcheke! Wale wawili hakuna aliyewacheka. Wako wapi? Niambie wewe uliyewapeleka, wako wapi?"

Mwanamke yule alikuwa na jibu kwa kila mtu, hata kwa makuhani. Siku ile alisema tu, "Haya." Nilikuwa nimelala, homa imenikamata, nikamsikia akichimba kwa kijiti katikati ya mafiga, akafukia, akapigapiga udongo kwa kiganja.

"Tayari?" nikauliza.

"Tayari."

"Niapie."

"Naapa kwa moto huu. Lala sasa, unanichosha."

Nikalala, na tangu siku ile nilivumilia mengi kwa sababu ya shimo lile dogo. Tulikula mijusi. Tulikula nyasi za ziwani na ngozi tulizolowesha. Mchana Wakastila na watu wa Tlaxcala, maadui zetu wa zamani walioungana nao, walibomoa nyumba na kujaza vifusi mifereji ili farasi wapite, na kila jioni mji ulikuwa umepungua. Mimi niliyatazama mafiga yangu nikajiambia, huyu ataishi.

Centehua ndiye aliyenitia wasiwasi. Alikuwa hatulii hata kidogo. Anatoka, anarudi, anatoka tena, mishale inapita, na hakuna mzazi wa kuzalishwa, wanawake wa mtaa walikuwa wakavu kama sisi. "Unakwenda wapi?" namuuliza. "Kunyoosha miguu." Miguu gani, na yeye amebaki mifupa!

Baadaye sana ndipo nilipojua. Alikuwa akiwakimbilia askari, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba wachukue kitu kidogo alichokifunga kwenye pindo la nguo. Mmoja alimcheka.

"Nikakizike wapi, bibi? Uwanja wa vita ndio huu ninaosimama. Nyuma yangu hapo ni choo chako."

"Hapa si uwanja wa vita," akamjibu. "Hapa ni mtaani kwetu. Kipeleke mbali, kwa maadui."

"Tumezingirwa kote, nitoke nipitie wapi? Nenda nyumbani, bibi."

Angeweza kukizika popote barabarani, na nani angemlaumu? Hakuweza. Angekizika pale angekuwa amekubali kwamba mlango wa nyumba umekuwa uwanja wa vita, na hilo halikumwingia akilini mpaka siku waliyoibomoa nyumba yangu.

Waliibomoa asubuhi. Tulitazama kutoka kwenye paa la jirani. Waliyang'oa hata mafiga, wakayatupa mferejini pamoja na matofali, na kabla ya adhuhuri farasi walikuwa wanapita juu yake. Nililia kuliko nilivyomlilia mume wangu, nasema kweli.

"Wanamkanyaga mwanangu," nikasema. "Kitovu chake kiko chini pale, wanamkanyaga."

Centehua akasimama. Akakaa. Akasimama tena, akafungua kinywa, akaenda mwisho wa paa, akarudi. "Mnyonyeshe," akasema. Nilimwona ni katili. Maziwa yenyewe yalikuwa matone.

Siku mfalme wetu alipojisalimisha mvua ilinyesha, halafu kukawa kimya hata masikio yakauma. Tukaambiwa tutoke. Watu wakajaa kwenye tuta kuelekea bara, wamevaa matambara, watoto mgongoni, na njiani Wakastila wakawa wanatupekua wakitafuta dhahabu. Walipekua nywele. Walipekua vinywa, na sketi za wanawake, wazee kwa vijana, sitasema zaidi.

Aliyemshika Centehua aliona fundo kwenye pindo. Centehua alilikamata kwa mikono miwili. Basi yule akajua ni dhahabu! Alimkunjua vidole, akalifungua, akakuta kitu kikavu, cheusi, kirefu kama kidole cha mtoto. Alikinusa, akakunja uso, akakitupa chini, akamsukuma bibi wa watu apite.

Mimi nilikuwa nyuma yake, na nilikijua.

"Uliniapia," nikasema.

"Tlaco."

"Uliniapia kwa moto! Kumbe ulifukia majivu, mimi nikajipa moyo kwa majivu!" Ningempiga, laiti ningekuwa na nguvu. "Haya, furahi basi. Umepata ulichotaka. Uwanja ndio huo, Mkastila amekusaidia."

Na kweli ndio ulikuwa. Juu ya tuta lile ndipo mume wangu na mwanangu walipoanguka. Damu ilikuwa imeingia kwenye udongo ukawa mwekundu hata baada ya mvua. Ilibaki akisukumie udongo kwa kidole cha mguu, na desturi yake ingekuwa imetimia.

Centehua alipiga magoti. Watu walikuwa wanasukumana, wakamkanyaga mkono, mara moja, mara mbili, naye akapapasa kati ya miguu yao mpaka akakipata. Akanitia kiganjani. Vidole vyake vilikuwa vinatoka damu.

"Nimeshavipa vita wanao wawili," akasema. "Sitaki tena. Nionyeshe jiko, nitakizika."

Jiko lenyewe tulilitafuta siku mbili. Kote tulikopita tulifukuzwa, tulinuka, na watu waliogopa ndui. Huko Cuauhtitlan, mji wa bara, mwanamke mmoja mfinyanzi alitupa maji na mkate wa mahindi, tukala mbele yake bila aibu. Centehua akamwomba nafasi kando ya mafiga yake.

"Kitovu cha nani?" akauliza.

"Cha huyu mjukuu wangu."

"Mvulana au msichana? Cha mvulana siwezi, mama. Sitaki vita jikoni kwangu."

"Msichana," akasema Centehua, wala hakupepesa.

Akachimba. Safari hii nilisimama juu yake nikatazama kitovu kikiingia. Kisha akamwambia mwanangu maneno ya wasichana, yote, hakuruka hata moja: kwamba atasaga mahindi, atateka maji, ataufunika moto kwa majivu usizimike, na kutoka hatatoka. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye udongo aliokuwa akiupigapiga.

Mfinyanzi alimfunua mtoto uso, akatabasamu. "Binti anaitwa nani?"

Tukatazamana.

"Hana jina bado," nikasema. "Tulikuwa tunangoja tuone kama atabaki."