Tabby hulitaja jina kabla ya kulifuta

Saa mbili asubuhi ukungu bado umelalia majani chai, na Tabby Nyokabi amekwisha kuketi mbele ya kompyuta katika chumba kidogo kinachopakana na wadi ya wagonjwa mahututi, ICU. Anafungua rekodi ya mgonjwa, anainamia kioo, anataja jina kwa sauti ya chini, la kwanza hadi la mwisho. Kisha analifuta.

Mahali pa jina panabaki nambari. Anapiga funda la chai, anafungua rekodi nyingine, anataja jina, anafuta.

Mgeni akimkuta hivyo atadhani mama wa watu ameanza kuongea peke yake. Manesi walimtania sana mwanzoni, wakimuuliza kama wagonjwa humjibu. Siku hizi hawamtanii.

Tabby, mwenye umri wa miaka 38, ni karani wa rekodi katika hospitali moja ya misheni karibu na Litein. Alizaliwa Londiani, ambako wazazi wake, waliotoka Nyeri, wanalima viazi hadi leo. Kazi yake ni kuandaa rekodi za waliopitia ICU ili zitumiwe na watafiti pamoja na za hospitali nyingine tatu.

Wadi yao ina vitanda sita tu. Mama mwenye kifafa cha mimba, ile presha inayompanda mjamzito au aliyetoka kujifungua mpaka akapata degedege, huenda wakampokea mmoja baada ya miezi. Daktari atajifunza nini kwa mgonjwa mmoja? Lakini rekodi za hospitali nne zikiwekwa pamoja, huenda zikaonyesha ni dalili gani hutangulia, na mapema kiasi gani.

Rekodi haiendi popote kabla familia haijakubali. Zamani ofisi iliomba ruhusa kwa simu. Familia moja upande wa Silibwet iliona nambari ya hospitali, na kabla salamu hazijaisha simu ikaanguka, kilio kikaanza. Majirani wakaleta hema na masufuria. Mgonjwa mwenyewe alikuwa kitandani akinywa uji.

Tangu hapo Tabby huenda nyumbani kwa watu. Hupanda boda boda, na matope yakizidi hushuka akatembea. Akifika huuliza kwanza hali ya ng'ombe, hunywa mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, akipewa, ndipo aseme kilichomleta.

Wengi huogopa ugonjwa wao usije ukawa hadithi ya sokoni. Kwa hiyo alikuwa na maneno yake ya kuwatuliza: usijali, jina tutalitoa.

"Nikisema hivyo tu, naona mtu anashusha mabega," anasema. "Nikajua hiyo ndiyo dawa."

Mwezi Februari aliyasema mbele ya mama mmoja nje ya Litein. Mama huyo huitwa Bot Cheptoo, yaani mama yake Cheptoo. Ndivyo Wakipsigis humwita mwanamke aliyezaa, kwa jina la mtoto wake, hadi wengi wakasahau lile alilobatizwa nalo.

Cheptoo alikuwa na miaka 26. Alijifungua mtoto wa kike, kisha kifafa cha mimba kikamshika. Alilala ICU siku chache, akafariki. Manesi waliandika presha yake kila saa, bila kuruka, hadi mwisho, na rekodi iliyojaa namna hiyo ni nadra. Mumewe, Gibson, alikubali itumike, ila akasema hatapita juu ya mama mkwe wake, anayemlea mtoto.

Tabby alimaliza maelezo, akaongeza yale maneno yake ya kutuliza. Bot Cheptoo akaweka kikombe chini.

"Mkitoa hiyo jina," akasema, "mimi nitakuwa mama ya nani?"

Tabby aliaga. Alirudi akilia nyuma ya pikipiki, mwenye boda akampa pole akidhani amefiwa. Kwao Londiani yeye mwenyewe ni Mama Peterson, na karibu ni benki tu inayomwita Tabby. Aliwaza mtu akija mlangoni kumwambia kwa upole kwamba Peterson atafutwa, asijali. Roho ilimuuma sana.

Hakumsukuma. Akipita upande ule aliingia kusalimu, akasaidia kuchuma majani chai, akambeba mtoto. Siku moja wakiwa shambani, Bot Cheptoo mwenyewe akauliza jina hutolewa namna gani, na nani.

Tabby akamweleza kwamba faili ya hospitali hubaki na jina. Nakala inayosafiri ndiyo haina, ili mtu asiinyooshee familia kidole. Na anayelifuta ni yeye, kwa kidole chake.

"Akaniuliza kama huwa nalisema kwanza," Tabby anakumbuka. "Niliona haya. Mengine sikuwa hata nimeyasoma vizuri."

Ndipo alipoanza kuyataja, yote. Hata hivyo Bot Cheptoo hakuwa amekubali, na rekodi ya Cheptoo ilibaki pale pale. Jana Gibson alileta ujumbe: mama atakuja, lakini jina atalitaja mwenyewe.

Na kweli anafika, mjukuu wake Chemutai, yule mtoto wa Cheptoo, mgongoni, kibuyu mkononi. Tabby anamvutia kiti, anamwonyesha mahali jina lilipo. Bot Cheptoo anakipangusa kioo kwa pindo la leso, ingawa ni safi.

"Cheptoo," anasema. "Siku ulizaliwa wageni walikuwa wamejaa kwa nyumba. Ndiyo tulikuita hivyo. Sasa enda usaidie wengine."

Anamwitikia Tabby kwa kichwa. Tabby anabonyeza. Nambari inatokea. Bot Cheptoo anaomba asomewe, anairudia polepole mpaka anaishika, kisha anasema hiyo pia ni ya msichana wake.

Tabby anatumaini kufika shamba hadi shamba mpaka Bomet, na hospitali nyingine zijiunge. Lakini tumaini lake kubwa liko mgongoni mwa bibi, linanyonya kidole. "Huyu akifika wakati wa kuzaa," anasema, "nataka nesi aione ile presha mapema, kabla haijamshika. Na ajue kuna mama alimsaidia kuiona."

Bibi anakaza leso, anaaga, anashika njia ya kutokea. Yuko karibu na lango nesi anapochungulia dirishani na kumwita, "Bot Cheptoo, umeacha kibuyu."

Anageuka.