Kibanja cha Mama Koku kwenye Mbalamwezi

Siku yangu ya kwanza katika studio ya Omurushaka sikushika kamera. Mwenye studio alinisimamisha mlangoni nitazame wateja. "Angalia mtu anavyojiweka kabla hujamwambia akae," alisema. "Ukishamwambia, unapiga picha ya gogo." Nilikuwa nimeishia darasa la saba, kazi nilijifunza kwa macho.

Baadaye alinihamishia Murongo, mpakani, kwenye chumba cha picha za pasipoti. Msimamizi wa huko alikuwa mkali. "Masikio yote mawili yaonekane," alikuwa akisema, "hata kama moja halijanawa." Filamu zilipokwisha na kamera za dijitali kuingia, nilirudi kwetu Kiruruma, nikawa mpiga picha wa harusi na vipaimara.

Kibanja nyuma ya nyumba, migomba na kahawa, kilikuwa kazi ya mikono ya mke wangu, Mama Koku. Mnyauko, ugonjwa wa migomba, ukaingia. Majani yakageuka manjano, ndizi zikaiva kabla ya kukomaa. Bwana shamba alipasua moja, akatuonyesha ilivyooza ndani.

"Mama, hii haina dawa. Kesho tunang'oa migomba yote."

Mama Koku hakubishana. Jioni aliniambia, "Baba Koku, nipigie picha ya kibanja."

"Sasa? Mchana ulikuwa wapi?"

"Mchana manjano yanaonekana. Ngoja mwezi utoke."

Ulipotoka, kweli, kibanja kilionekana kizima. Lakini kamera ikiachwa wazi muda mrefu huokota rangi ambazo jicho halizioni usiku, kwa hiyo niliiweka kwenye nyeusi na nyeupe. Nikaifunga kwenye stendi yake ya miguu mitatu, nikangoja upepo utulie, nikafungua shata, kile kilango kinachoingiza mwanga.

Yeye alikuwa akipita katikati ya migomba, akishika shina moja moja.

"Simama basi. Shata ikiwa wazi hivi, anayetembea haonekani kabisa."

"Mimi wa nini? Mimi unaniona kila siku. Piga migomba."

"Moja tu, nikuletee kiti."

"Kesho nitakuwepo. Hii haitakuwepo."

Nikamwacha. Kesho yake tuling'oa na kuzika mpaka jioni. Baada ya hapo, nikiwa na nafasi ya kumpiga picha, yeye ana udongo mikononi. Akioga, mimi nina harusi ya watu. Aliugua tukiwa bado tunapanda maharage, tukingoja ardhi ipone. Hakupanda mgomba tena.

Msibani walitaka picha ya kuweka juu ya jeneza. Tulikuza ile ya kitambulisho chake cha kupigia kura. Mimi niliyewapiga picha maharusi wa kata nzima nilikaa nikiitazama picha ya mke wangu iliyopigwa na karani.

Siku hizi sipigi tena. Watu wana simu zao. Kwenu mnaoanza kazi hii sina ushauri mkubwa, ila msiwaache wa nyumbani wawe wa mwisho.

Picha ya kibanja iko ukutani, imetoka vizuri. Koku alipokuja mara ya mwisho aliitazama sana, akauliza mama yake alikuwa wapi. Nilisimama nikamwonyesha kwa kidole, shina hadi shina. "Alipita hapa. Akaja hapa. Hapa alikaa kidogo."